Mlima wa siku moja kwa watu wenye miguu tofauti: Ngozi, Kitulo, Kilele cha Mbeya na Rungwe

Juni ikifika tu, simu zinaanza. Ndugu walioko Dar, rafiki wa Dodoma, mwalimu mwenzangu aliyehamia Morogoro, wote wana swali moja: "Mwalimu, tunakuja Nane Nane, utupeleke mlima gani wa kwenda na kurudi?" Wanataka nitaje jina moja, waweke kwenye ratiba, yaishe. Mimi huwauliza kwanza mnakuja akina nani. Mlima uliompendeza binti yangu wa miaka 17 hadi akalia kwa furaha ndio uleule uliomkalisha mama yangu juu ya gogo masaa mawili, kwenye baridi, na akarudi nyumbani hajaona kitu. Ilikuwa siku moja, njia moja, na wote wawili niliwapeleka mimi.

Nafundisha shule ya msingi Uyole, hapa Mbeya, mwaka wa kumi na tisa huu. Baada ya siku ile ya gogo niliamua kwamba sitampeleka tena mtu wa kwetu mlimani kwa kusikia sifa za watu. Kwa misimu miwili nimepanda, nikarudia, nikaangalia nani alichoka wapi. Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho, na gharama zote zimetoka mfukoni mwetu.

Niwataje wenzangu, maana bila wao tathmini hii haina maana. Mama ana miaka 67, goti lake la kulia halijakaa sawa tangu alipoteleza na ndoo mtoni. Kaka yangu Ambakisye ni fundi magari Dar, shughuli zake zote ni za kulala chini ya gari, si za kupanda. Mkewe, wifi yangu Rehema, ni mtu wa Tanga, ana pumu, na baridi ya kwetu ilikuwa haijawahi kumgusa. Mtoto wao Lusajo ana miaka 8. Binti yangu Atupele anacheza netiboli, hajui kutembea taratibu. Baba mdogo analima mpunga Igurusi, amevuka sitini, na sijawahi kumsikia akihema. Ukiniongeza mimi, tupo saba, na hakuna wawili wenye mwendo mmoja.

Nianze na Ngozi, kwa sababu ndiko kila mtu anakoomba kupelekwa.

Ziwa Ngozi limekaa ndani ya tumbo la volkano kwenye safu ya Uporoto. Hutajwa kuwa la pili kwa ukubwa Afrika kati ya maziwa ya namna hiyo, urefu wake ni kama kilomita 2.5, na kuta za msitu zinalizunguka pande zote kama ukingo wa chungu. Kutoka mjini unafika Uyole, unaacha barabara ya Dar, unashika ya Tukuyu. Unapanda katikati ya mashamba ya viazi na kabichi, baridi inaongezeka kila kona, na kabla hujafika Kiwira unakunja kulia kwenye njia ya vumbi. Gari dogo linafika karibu na msitu wakati wa kiangazi. Wakati wa masika usijaribu, utalala njiani.

Mara ya kwanza tulichukua mtu wa kutupangia safari. Jina lake silitaji. Alituahidi gari, chakula na mwongozaji, na vyote vitatu vilikuwepo. Tatizo lilikuwa hiyo moja: mwongozaji mmoja kwa watu saba. Tulipoingia msituni akaanza kutembea kwa mwendo wake, Atupele na baba mdogo wakamfuata, kaka akajikaza asionekane mzembe mbele ya mwanawe. Dakika ishirini baadaye nilikuwa nimebaki nyuma na mama, wifi na Lusajo, nasikia sauti za wenzetu juu huko, sioni hata mgongo wa mtu.

Sehemu ya kwanza ya njia ya Ngozi inadanganya. Ni tambarare karibu yote, kivuli kizito, ardhi laini chini ya mguu, migomba ya porini yenye majani mapana kuliko mlango, mara unasikia mbega wakirukaruka juu. Mama alikuwa akicheka, akisema kumbe mlima wenyewe ndio huu. Kisha njia inageuka na kusimama. Nasema kusimama kwa maana yake: mteremko unakuwa mkali ghafla, ngazi zake ni mizizi ya miti, udongo ni mweusi na unateleza hata Agosti kwa sababu ya ukungu, na unashika mianzi kwa mikono miwili ili upande. Hapo mama alisimama, akatazama juu, akaniambia, "Mwanangu, hapa nimefika." Wifi alikuwa tayari anatafuta pampu yake ya pumu kwenye mkoba. Tukakaa juu ya gogo. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mbele kuna sehemu kama ile, na wa kumuuliza alikuwa juu anapiga picha.

Na hapo ndipo nilipoelewa Ngozi ni mlima wa namna gani. Uzuri wake wote umewekwa mwisho. Ukitembea robo tatu ya njia umeona msitu, msitu mzuri kweli, lakini ziwa hujaliona hata kidogo. Halichungulii kati ya miti wala halikupi dalili. Unapanda ukuta wa mwisho, unatoa kichwa juu ya ukingo, na ndipo linakufungukia chini yako lote kwa mara moja, maji ya kijani yenye weupe kama wa maziwa ya ng'ombe, kimya kabisa. Aliyebaki hatua mia moja chini ni sawa na aliyebaki Uyole. Atupele aliteremka akiwa ameshika simu, anataka kumwonyesha bibi yake picha, na mama akazitazama moja moja kwa adabu, akasema "Ndaga, mjukuu wangu," yaani asante, akamrudishia simu. Sauti yake siku ile sijaisahau.

Kwa hiyo sasa swali langu la kwanza kuhusu mlima wowote haliko kwenye urefu wala ugumu. Nauliza uzuri wake umekaa wapi, mwisho au njiani? Ukiwa na kundi la miguu tofauti, jibu la swali hilo linakupangia siku nzima.

Mwaka jana tulirudi Ngozi, safari hii tumepanga wenyewe. Hiace ya kukodi, dereva wa mtaani kwetu, alianzia laki mbili na nusu, tukamaliza kwa laki mbili siku nzima na mafuta yake humohumo. Msitu huo ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, malipo ya kuingia yanapitia kontroo namba, hayapokelewi mkononi, kwa hiyo nilishughulikia mapema. Kungoja hadi ufike porini ndipo uanze kutafuta mtandao ni kujitafutia karaha. Waongozaji tulichukua wawili, vijana wa vijiji vya pale chini. Nilikaa nao kabla ya kuanza, nikawaeleza kila mtu na hali yake: huyu goti, huyu pumu, huyu mtoto, hawa wawili wa mbio. Mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo yule wa kwanza hakuuliza: "Mama goti linamuuma akipanda au akishuka?"

Akishuka. Akaitikia kwa kichwa na kwenda kumletea fimbo mbili badala ya moja.

Tukagawanyika kwa saa, na hili ndilo ningependa mtu alichukue. Wenye mwendo mdogo waliondoka kwanza, saa moja na nusu asubuhi: mama, mimi, Lusajo na kaka, pamoja na yule kijana wa fimbo. Atupele na baba mdogo walikalishwa chini na mwongozaji wa pili, wakanywa chai, wakaondoka saa moja na zaidi baada yetu. Kawaida watu hufanya kinyume, wenye nguvu wanatangulia "wakaone njia", halafu wanapoa juu huko na kukasirika wakisubiri, na wa nyuma wanapanda kwa haraka ya kuona aibu. Mtu anayeogopa kuchelewesha wenzake ndiye anayeteguka.

Wifi alichagua mwenyewe kubaki. Alitembea nasi ile sehemu ya tambarare, nusu saa hivi, akaiangalia migomba ya porini, akageuka na dereva aliyekuwa ametusindikiza kwa ajili hiyo. Alikuwa amefunga kitenge juu ya sweta mbili na alikuwa na furaha. Tulikuwa tumepatana tangu nyumbani kwamba kugeuka ni sehemu ya mpango.

Ule ukuta wa mwisho mama aliupanda kwa muda mrefu. Sikuangalia saa. Nilichokiangalia ni mikono ya yule kijana. Kila palipokuwa na mzizi wa juu alipiga goti kwenye tope, akashika kisigino cha mama kwa kiganja, akakiweka juu ya mzizi, akakishikilia pale mpaka mama ahamishie uzito, ndipo akakiachia. Kisha mguu wa pili. Hakumvuta mkono hata mara moja. Nilipomuuliza akanijibu kwamba ukimvuta mtu mzima mkono unamtoa kwenye mguu wake, na mguu ndio unaopanda. Lusajo alikuwa nyuma yao anahesabu mizizi kwa sauti. Alifika arobaini na kitu akapotea, akaanza upya.

Atupele na baba mdogo walitukuta tukiwa bado hatua chache chini ya ukingo. Baba mdogo akasema, "Shemeji, tangulia." Mama akatangulia. Alitoa kichwa juu ya ukingo kabla ya wote, akasimama ameshika fimbo zake mbili, na hakusema neno kwa muda ambao hata Lusajo alinyamaza.

Ukungu ulikuwa bado haujaingia. Hili nalo ni la kuzingatia. Ukifika juu saa nne au saa tano asubuhi una nafasi nzuri ya kuliona ziwa, lakini ukichelewa hadi mchana mawingu hujaza lile chungu na unatazama pamba. Kushuka hadi majini sikushauri kwa kundi la namna yetu. Ukuta wa ndani ni mkali kuliko wa nje, na kila unachoshuka utakipanda tena. Wazee wa Kisafwa na Kinyakyusa wana simulizi nyingi kuhusu maji yale, waulize waongozaji mkiwa mmeketi juu, wanazijua na wanazieleza kwa heshima.

Kushuka kulimuuma mama kama tulivyotarajia. Kijana alimgeuza, akashuka kinyumenyume kama mtu anayeshuka ngazi ya dari, yeye akiwa chini yake. Tulifika kwenye gari saa nane. Kwa huduma ya wale vijana wawili nawapa alama zote. Kwa mlima wenyewe, ukiwa na kundi mchanganyiko, naupa tatu kati ya tano: ni mzuri mno kwa anayefika, na hauna chochote cha kumpa aliyeishia chini ya ukuta.

Jambo moja linaloupandisha Ngozi ni majirani zake. Ukimaliza saa nane bado una mwanga wa kutosha kuteremka Kiwira, kununua ndizi za kuchoma sokoni, na kwenda Daraja la Mungu. Pale mto Kiwira unapita chini ya upinde wa mwamba ambao lava iliujenga yenyewe. Mwendo ni mfupi, wifi alisimama ukingoni kama sisi wengine, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wote saba tulitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kijungu kiko mbele kidogo, maji yanazunguka kwenye tundu la mwamba kama uji unaochemka. Kumbuka unapita eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo mnajiandikisha getini, na kamera mnaiweka mfukoni hadi mruhusiwe. Ukiwa na mtu asiyeweza msitu kabisa, mpangie siku yake huku, akutane nanyi mchana.

Kitulo ni habari nyingine kabisa.

Tulikwenda Februari, kundi lilelile kasoro kaka aliyekuwa kazini. Unashika barabara hiyohiyo ya Tukuyu, unakunja kushoto Isyonje kuelekea Kikondo na Makete. Wengine hupandia Chimala kwa ile njia ya kona inayoitwa Hamsini na Saba. Mimi na mtoto anayetapika garini sikuithubutu. Sisi tulipopita, barabara ya Kikondo ilikuwa tope kwa vipande, na gari la chini lisingefika. Hiace yetu tuliiacha nyumbani, tukakodi gari la kupanda milima, na hapo ndipo Kitulo inapokula hela. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kilomita za mraba 412 na ushee, na ilitengwa kwa ajili ya maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Aina za okidi peke yake ni 45.

Uwanda wenyewe uko juu ya mita 2,600, juu kuliko ukingo wa Ngozi tulioupanda kwa mikono na magoti, lakini huku gari ndilo linalokupandisha. Unafungua mlango, unashusha mguu, na ua la kwanza liko pembeni ya kiatu chako. Mama alitembea hatua kumi akapiga goti lile zima kando ya okidi ya zambarau, ndogo kama kucha ya kidole gumba, yenye madoa ya kahawia kooni kana kwamba mtu ameyachora kwa sindano. Alilitazama muda mrefu bila kuligusa. Nilimweleza kwamba mizizi ya okidi hizi imechimbwa sana na kupelekwa Zambia, ambako wanaipika chakula kiitwacho chikanda, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya kulinda eneo hili. Akasema hawezi kuelewa mtu aliyewahi kulitazama ua lile akaenda kuchukua jembe.

Kwa kundi la miguu tofauti sijaona kama Kitulo. Hakuna simba wala tembo, kwa hiyo mnatembea kwa miguu na mlinzi bila hofu. Atupele na baba mdogo walichukua kilima chao, wakaonekana tangu mwanzo hadi mwisho, nukta mbili kwenye majani, Lusajo akiwapungia mkono. Wifi alitembea mwendo wa harusi, akisimama atakapo. Popote mtu alipochoka alikuwa amefika. Mimi nilizunguka kati yao kama chupa ya chai kwenye msiba, na hakuna aliyenihitaji.

Nina mambo mawili ya kuonya. La kwanza ni hewa. Huo urefu si wa kuchezea kwa mtu aliyetoka pwani jana yake. Wifi alishinda kwetu Uyole siku tatu kwanza, na bado kichwa kilimgonga mchana, tukamteremsha mapema. Mwenye presha au moyo aongee na daktari wake kabla. La pili ni majira. Maua ni kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na hiyo ndiyo miezi ya mvua. Mvua nyingi huja mchana, basi mfike asubuhi, mkae hadi saa saba, mteremke. Wageni wa Nane Nane msiniombe Kitulo. Agosti nyasi zimekauka, usiku umande unaganda kuwa barafu, na mtaniambia nimewadanganya. Kwa Februari, hata hivyo, naipa tano kati ya tano, pamoja na tope lake.

Kilele cha Mbeya sitakaa nacho sana. Kiko juu ya mita 2,800, mtu wa mjini anakiona kila siku upande wa kaskazini. Kisichanganywe na Loleza, ile iliyo karibu zaidi na mji yenye minara. Tulipandia upande wa Mbalizi, kwenye mashamba ya kahawa, mimi, Atupele na baba mdogo, masaa matatu ya kupanda bila kupumzishwa na tambarare yoyote. Ni mlima wa wazi, majani na mawe, jua likiwaka linakuwakia wewe peke yako, na maji mnabeba wenyewe. Ninachoupendea ni kwamba hauna hiana: kila hatua mia unazopanda unalipwa. Kwanza unaona mji wote, kisha uwanja wa ndege wa Songwe, kisha Rungwe anajitokeza mbali kusini mashariki kama mzee aliyejifunika blanketi. Kwa hiyo mtu akiishia nusu ameona nusu, hadhulumiwi. Lakini mteremko hauna mahali pa kumkalisha mtu mzima kivulini, na goti la mama lisingemaliza hata robo. Vijana wakiwa peke yao, nendeni. Kundi mchanganyiko, hapana.

Rungwe nimepanda mara moja na walimu wenzangu wanne, wote watembeaji, mita 2,960 hivi. Tulitoka gizani, tukarudi gizani. Ni msitu wa heshima kubwa. Humo ndimo wanasayansi walikoelekezwa na wawindaji wa Kinyakyusa kwa nyani aitwaye kipunji, na dunia ikatangaziwa mwaka 2005 kitu ambacho wazee wa pale walikuwa wanakijua kwa jina. Sisi hatukumwona, tulioga mvua tu. Kwa familia ya kwenda na kurudi, mwondoe kwenye orodha. Kama mnataka kumtazama Rungwe vizuri, mtazameni toka Ngozi au toka barabarani mkiteremka Tukuyu, chai ikiwa imetandikwa miguuni pake.

Vitu vya kuvaa na kubeba ni vichache. Kaka alikwenda Ngozi mara ya kwanza na raba nyeupe za mjini zenye soli laini, akateleza mara tatu. Mara ya pili nilimnunulia gambuti za sokoni kama wanazovaa wakulima wa viazi pale pale chini ya msitu, akapanda kama mwenyeji. Wenyeji hawavai gambuti kwa kukosa viatu. Wanaijua ardhi yao. Yeboyebo hapana, hata kwa mtoto. Sweta iwe ya kuvaliwa ndani ya koti la mvua. Chakula chetu kilikuwa viazi vya kuchemsha na mayai, na chupa mbili za chai ya tangawizi, na kwenye baridi ile hakuna aliyeuliza pilau. Mwenye dawa abebe dawa yake mwenyewe mwilini, isikae kwenye mkoba wa mwenzake anayetembea haraka. Pampu ya wifi ile siku ya kwanza ilikuwa kwenye mkoba wake kwa bahati tu, asubuhi alitaka kumpa Atupele ambebee.

Na mkichukua mwongozaji, popote, muulizeni mapema: mtu wetu wa mwisho atakuwa na nani? Akikujibu "msijali, mimi nitakuwa mbele nawaonyesha njia," tafuta wa pili, hata kama ni kuongeza hela. Sisi tulilipa waongozaji wawili na bado ikatoka chini ya alichotutoza yule wa kwanza na mmoja wake.

Kwa wanaokuja Agosti hii, basi, jibu langu ni Ngozi kwa mpango huo wa kuondoka kwa zamu, na Daraja la Mungu mchana ili watu wote mkutane. Kwa wanaoweza kusubiri hadi Februari, Kitulo, na mje siku mbili kabla mzoee hewa. Mama ameshaniagiza niandikishe gari la kupanda mapema. Anasema safari hii kaka lazima awepo, kwa sababu yeye ndiye pekee kati yetu ambaye bado hajaliona ua lile lenye madoa kooni.